Aliyekusalimia Asubuhi Ile

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya chai,
mwezi wa tatu.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu zangu, za Mama na za binti yetu, ambaye sasa ananipita kwa urefu na anajidai kunitazama kwa juu. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena kwenye ngazi za kazini. Je, kwenye kiwanda cha mikate bado wanakuweka zamu ya alfajiri? Unakula vizuri, au bado unakula mikate ile ile iliyoungua upande?

Sisi huku tuna afya kwa namna tulivyo. Mama anakula, analala mchana, anagombana na redio. Masikio yake yamezidi kuwa mazito upande wa kushoto, kwa hiyo sote tumejifunza kukaa kuliani kwake. Anakutaja kila akimenya kitu chochote, kwa sababu anasema wewe ulikuwa unakula maganda.

Bati la karakana limezibwa. Wateja walikuja kuchukua friji zao mmoja mmoja, wengine zikiwa nzima, wengine zikiwa na matumbo nje, na hakuna aliyelalamika. Imebaki moja, ile nyeupe kubwa, ambayo mwenyewe hajatokea. Naweka ndani yake vitambaa vya mapazia kwa sababu ya vumbi. Cherehani yangu nimeihamishia huko mbele, karibu na mwanga.

Nimekuandikia kwa kalamu, jambo ambalo hatujalifanya tangu wewe na kaka yako mlipozoea simu. Kwenye simu siku hizi naogopa kuandika hata neno "sawa". Nimeona watu wanavyolikamata neno la mwenzao, wakalivua nguo, wakaliuliza limetoka wapi na linakwenda wapi. Karatasi haijibu. Mtu unasema jambo lako ukafika mwisho.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa sauti. Ulisema maneno machache tu: "Shemeji, nani amenisalimia?" Kisha nikasikia mitambo nyuma yako, na wewe unahema, halafu ukakata. Nilikuwa nimeshika mkasi na kitambaa cha mtu. Niliviweka chini vyote viwili, nikakaa.

Ni mimi, shemeji. Mkono ulikuwa wangu. Kaka yako yuko pale tulipomlaza, na hakuna mtu mwingine anayeishika simu yake. Nimetanguliza hilo ili usisome haya mengine huku moyo unakudunda. Ila siwezi kukwambia kwamba maneno yote yalikuwa yangu, na hapo ndipo naomba unisikilize polepole.

Unakumbuka ugomvi wenyewe ulivyoanza, maana wewe ndiye uliyeuanza bila kujua. Ulikuwa umetoka tu kufika huko, umelianzisha kwenye simu lile kundi la Hoja kwa Hoja ili wewe na kaka yako msipoteane, na tayari marafiki wa marafiki walikuwa wameshajazana humo, watu ambao hatujawahi kuziona sura zao. Asubuhi moja ukaandika kwamba huko baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Ilikuwa salamu tu. Kaka yako akakujibu kwamba baridi haiingii popote, joto ndilo linalotoka, na kwamba fundi wa friji hawezi kukaa kimya mdogo wake akisema uongo hadharani. Ndipo yule seremala mnayemwita Msumari, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, akauliza: "Basi kwa nini tunafunga mlango?"

Tangu siku hiyo hawakuachana. Nilikuwa kwenye cherehani, yeye kwenye kiti chake cha mlangoni, ananisomea. Msumari akisema ukifungua friji miguu inahisi kitu kinaiangukia. Kaka yako akijibu kwamba basi na giza nalo ni kitu, akanunue kilo moja ya giza amletee. Akisoma hivyo anacheka kabla hajafika mwisho, mimi nashindwa kusikia neno la mwisho, namwambia arudie. Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa napenda tu sauti.

Na ile sheria ya ufagio sijui ni nani aliyeitunga, nadhani ni Katibu wenu, kwa kuwa yeye anapenda sheria kuliko chakula. Anayekaa kimya wiki nzima bila kujibu hoja amehesabiwa kashindwa, anapewa ufagio, na kila alfajiri analifagia kundi: anawaamkia wote, kila mmoja kwa jina lake, mpaka atokee mwingine wa kushindwa. Kaka yako hakuwahi kuushika ufagio huo hata mara moja. Ulimjua. Angebishana na homa.

Siku ile alinisomea maneno ya Msumari akiwa amesimama, kikombe mkononi. Msumari alikuwa ameandika: "Mimi kazi yangu ni kutoboa mashimo. Wewe unasema kisichokuwepo si kitu. Shimo je? Mbona watu wanatumbukia?" Kaka yako alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Leo huyu namtia mfukoni," akatoka kwenda karakana na simu yake.

Baada ya mazishi niliendelea kuichaji ile simu kwa ajili ya wateja. Siku mbili tatu sikulifungua kundi lenu. Nilipolifungua nilikuta pale chini, mahali pa kuandikia, maneno yake yamekaa yanasubiri: "Sasa sikiliza Msumari, shimo ni". Basi. Hakuna kingine. Na juu yake wenzenu walikuwa wanamwita. Katibu alikuwa ameandika, "Fundi, wiki inaisha, jibu au pokea ufagio." Dereva naye, yule mpenda utani, alikuwa ameandika, "Fundi ameishiwa pumzi."

Hawakujua. Wangejuaje? Hakuna anayeishi karibu nasi, hakuna anayejua hata jina letu la nyumbani. Nilisubiri uwaambie. Jina lako lilikuwa pale juu kama mwenye kundi, na nilijua unasoma kila kitu. Siku mbili zikapita, na wewe hukuandika kitu. Sikusemi kwa ubaya, shemeji. Hukupata ruhusa ya kuja, hukumwona, hukushika hata konzi ya udongo. Nilijiambia kwamba mdomo wako umekuwa mzito kama wangu.

Ila sikuweza kuvumilia wampe ufagio. Katibu alitangaza kwamba mwisho ni jioni ile. Nikaishika simu nikiwa na nia ya kuandika mwenyewe habari iliyotupata, na ili niandike ilinibidi kwanza nifute maneno yake. Nikashindwa kuyafuta. Mtu anayeshona hawezi kuona pindo limeachwa wazi. Nikagusa tu hapo baada ya neno "ni" kuona kama kuna kitu, na simu ikaniletea neno: "mahali". Nikabonyeza. Ikaleta "ambapo". Nikabonyeza. Ikaleta "kitu", ikaleta "kimeondolewa". Binti yetu ameshanieleza kwamba simu huzoea maneno ya mwenye nayo, ikawa inayakisia, na hakuna cha ajabu. Lakini mimi nilikuwa peke yangu karakana, na nilikuwa naiona sentensi ya mume wangu inakuja neno baada ya neno, kama mtu anayetoka chumba cha ndani akiwa anavaa shati. Nikatuma.

Msumari akajibu papo hapo: "Ahaa. Nilidhani umenikimbia."

Ndivyo nilivyoingia. Nilisema ni mara moja tu, kisha ikawa kesho yake, kisha ikawa desturi ya alasiri, nikimaliza kushona. Naanza neno moja, simu inayaita mengine. Nilijikuta nimeandika habari za gesi na mabomba ya nyuma na kompresa, mambo ambayo katika maisha yangu sijawahi kuyafikiri. Nilikuwa nayasoma baada ya kuyatuma, na nilikuwa nayaelewa kwa sauti yake.

Siku moja nilijaribu jambo ambalo sitalirudia. Niliandika "Mke wangu" nikangoja. Simu ikaleta "anasema", ikaleta "chai", ikaleta "iko tayari". Niliiweka kifudifudi juu ya meza nikatoka nje, nikasimama uani mpaka nguo zote zikakauka.

Mama naye anausikia ule mlio kwa sikio zima. Mama alikuwepo mazishini, alishikwa mikono huku na huku, anajua. Lakini simu ikilia anasahau. Huniambia, "Mwambie aache kubishana na watu aje ale." Nami namjibu, "Anakuja, Mama." Ningemjibu nini?

Kilichonitoa huko si aibu, shemeji. Ni kwamba nilianza kutokubaliana na kaka yako. Yeye msimamo wake ulikuwa kwamba baridi haipo, ni jina tu tunalolipa joto lililoondoka. Mimi ndiye niliyekuwa naandika hivyo kila alasiri kwa jina lake. Halafu jioni nafunga karakana, naingia ndani, naikuta. Iko pale. Wakati ule jua lilikuwa linapasua bati, sote tunatoka jasho, na bado ukipita karibu na kile kiti cha mlangoni unahisi kama umepita mbele ya friji iliyoachwa wazi. Binti yetu hakai hapo. Hatujawahi kuzungumza kwa nini. Upande wa kaka yako kitandani nao uko hivyo hivyo. Ukipeleka mkono, mkono unakutana na kitu.

Ndipo Msumari akaandika: "Fundi, umewahi kuingia nyumba iliyohamwa? Hicho unachokikuta mle ndani si kitu?"

Nikaanza kumjibu. Simu ikaleta "hapana". Ikaleta "hujaelewa". Ikaleta "rudi shule". Yote yalikuwa maneno ya kaka yako, na kila moja lilikuwa linangojea kidole changu. Nikayakataa. Nikaandika herufi kwa herufi, polepole kama mtoto: "Nimekubali. Ni kitu."

Ungedhani nimewasha moto mle ndani. Dereva alituma picha za watu wanaocheza. Katibu akaandika kwamba tangu kundi kuundwa haijawahi kutokea, na kwamba sheria ni sheria, Fundi apewe ufagio. Msumari peke yake hakushangilia.

Alfajiri yake niliamka nikaufanyia kazi ule ufagio. Nilisema nimemfanya ashindwe, basi walau asionekane mtovu wa adabu. Nikaandika umeamkaje Katibu, umeamkaje Dereva, umeamkaje Msumari, na wale wengine. Nilipofika mwisho, simu ikaleta "na", ikaleta "mdogo", ikaleta "wangu", ikaleta "wa mbali", na kidole changu kilikuwa kimeshazoea mwendo. Nilikwisha kutuma ndipo nikakumbuka kwamba wewe umo humo, kwamba umesimama mbele ya tanuri, na kwamba wewe peke yako kati yao wote unajua.

Nisamehe kwa mshtuko ule. Lakini nitakwambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Mimi nilibonyeza tu. Yale maneno "mdogo wangu wa mbali" sikuyatunga mimi, wala mimi sijawahi kukuita hivyo. Simu iliyajua kwa sababu yeye alikuandikia hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka yakawa njia. Kwa hiyo ukiniuliza tena ni nani aliyekusalimia, nitakujibu kwamba ni mimi, na bado nitakuwa sijakujibu sawasawa.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla sijausikia ujumbe wako, simu ililia kweli. Namba nisiyoijua. Sauti ya mtu mzima, nzito, na msumeno unalia nyuma yake.

"Fundi yupo?"

"Hayupo."

"Basi, dada yangu, mimi naitwa Msumari. Sijawahi kumpigia, unisamehe. Nina swali moja tu. Fundi anaumwa?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Amenikubalia. Fundi hajanikubalia hata siku ile nilipomwambia leo ni Jumatatu, na kweli ilikuwa Jumatatu. Alisema itategemea wiki inahesabiwa kutoka wapi."

Nilicheka, shemeji. Sikuwa nimecheka tangu siku ile. Kisha kicheko kikageuka, na yeye akasikia kimegeuka. Msumeno ukanyamaza. Nilimwambia. Nikasikia anavuta kitu akakikalia.

"Tangu lini?"

"Siku ile ya shimo."

"Mungu wangu. Kumbe maneno yangu ya mwisho kwake ni yale."

"Aliyafurahia," nikamwambia. "Alicheka hadi akakohoa. Alisema leo anakutia mfukoni."

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Angenitia kweli?"

"Sijui, kaka yangu. Alikuwa na uso wa mtu mwenye jibu."

Akapumua. Halafu akauliza, taratibu sana, "Kwa hiyo wiki zote hizi nimekuwa nabishana na nani?"

"Na mimi. Na simu yake."

Alifikiri. "Unabishana vizuri," akasema. "Ila ulikuwa na adabu mno. Nikasema uzee umemwingia."

Aliniomba ruhusa awaambie wenzake. Nikamwambia hapana, ndugu yake yumo humo, ndiye mwenye kundi, na neno hilo ni lake. Hakubisha. Yeye, aliyebishana na kaka yako miaka yote hiyo, alisema tu, "Sawa, dada. Nitangoja."

Na amengoja, shemeji, kwa gharama yake. Nadhani umeona. Aliandika: "Ushindi wangu naurudisha. Fundi aondolewe ufagio." Wakamtaka sababu. Hakutoa. Katibu akasema ushindi si sufuria, uazime kisha urudishe. Dereva ndiye aliyewazungusha kabisa: ukirudisha ushindi maana yake umeshindwa, ukishindwa maana yake Fundi ameshinda, Fundi akishinda maana yake alichosema mwisho ni kweli, na alichosema mwisho ni kwamba wewe ndiye uliyeshinda. Wakalizunguka hilo kutwa nzima kama mbuzi kwenye kamba. Mwingine akauliza kama "naurudisha" ni sawa na "naukataa". Mwingine akasema mtu hawezi kurudisha kitu bila kusema anamrudishia nani. Msumari kimya. Siku zake zikaisha, wakampa yeye ufagio.

Sasa kila alfajiri anawaamkia wote. Mzee wa watu. Anamtaja Katibu, anamtaja Dereva, anakutaja wewe, na akifika kwa kaka yako anapita. Juzi Katibu akamshika hapo hapo: "Umemruka Fundi. Salamu yako haijakamilika. Rudia." Akajibu, "Fundi nimemsalimia kwa njia nyingine." Wakamwuliza njia ipi, na kama hiyo njia inatambulika na sheria za kundi. Niliposoma hayo nilishindwa kula. Wanamlazimisha amwamkie, na hawajui wanachokiomba. Ni watu wazuri tu wanaocheza mchezo wao, lakini kadiri wanavyoucheza ndivyo kaka yako anavyozidi kuitwa, na akiitwa simu inalia, na ikilia Mama anasema aje ale.

Kwa hiyo naomba ulimalize. Mimi siwezi. Nikiandika kwa namba yake watauliza inakuwaje mwenye habari ndiye anayeileta, na watakuwa na haki. Msumari akisema wataita ushahidi. Wewe ndiye peke yako uliyetoka tumbo moja naye. Ukisema, imesemwa.

Najua kwa nini hujasema. Hukuona, na mtu hawezi kulisema jambo ambalo macho yake hayajalipokea. Basi nakupa nilichokiona, ukipokee kwa macho yangu.

Ilikuwa mchana. Nilimwita kwenye chai hakuitika, nikampelekea. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye friji aliyokuwa anaitengeneza, na friji inanguruma vizuri; alikuwa ameshaipata. Simu ilikuwa mapajani. Nikamshika mkono, ulikuwa na joto, nikadhani amesinzia, nikamtania kwamba mteja anamlipa alale. Kisha nikajua. Watu wakaja, mganga wa zahanati akaja akasema maneno yake, akaondoka. Mimi mkono sikuuachia. Joto lilitoka kidogo kidogo, likianzia kwenye ncha za vidole. Niseme ukweli, hata katika saa ile niliukumbuka ugomvi wao, nikawa nangoja kuhisi kitu kinaingia. Hakikuingia kitu. Kilichokuwemo kiliondoka tu, kwa utulivu, kama alivyosema yeye siku zote. Kile kingine kilikuja baadaye, tukiwa tumesharudi kutoka kumzika, na hicho ndicho nilichomkubalia Msumari. Sijui kama mambo haya mawili yanapatana. Sina elimu ya kuyapatanisha, na nimeacha kujaribu.

Hakuwa na maumivu usoni. Shati alilovaa ni lile la mistari uliloliacha. Mama alimfunga vifungo.

Hayo usiyaandike kundini. Hayo ni yako. Kule andika maneno machache, na chagua magumu. Usiandike ametutoka, watauliza ametoka kwenda wapi. Usiandike hatunaye, Katibu atasema mbona jina lake liko hapa. Andika lile neno lenyewe. Najua lilivyo zito, kwa sababu nimefika hapa chini ya karatasi bila kulitumia hata mara moja. Basi acha nikutangulie, lisikutishe wewe peke yako: kaka yako amekufa, shemeji. Amekufa.

Nitakuwa na simu yake mkononi siku utakayoandika. Nitasoma maneno yako, kisha nitaizima na kuitoa betri, na wateja nitawapa namba yangu. Wakianza kulichambua neno lako, usikae kuwajibu, nenda kazini. Nilizungumza na Msumari jana juu ya hilo. Anasema wewe andika tu, na atakayebisha atabishana na yeye.

Mama anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi. Binti yetu anakusalimu, anasema baba mdogo asisahau picha za theluji alizoahidi. Jirani yetu kinyozi naye ametaka atajwe. Wasalimie wenzako wa tanuri, hasa yule aliyekufunika koti lake siku ulipopata habari. Mungu azilinde asubuhi zako na mikono yako, akupe usingizi usiokatika, na akulete nyumbani siku moja tukae pamoja uani.

Ni mimi nikupendaye bila kupungua,

Shemeji yako.